Uzito Unapokataa Kupungua

Mizani si kitu kigeni kwa wakazi wa pwani ya Tanga. Mkulima wa korosho huitegemea, mwenye mbata huitegemea, na mvuvi anayeuza samaki wake kwa kilo huitazama kwa jicho kali asije akapunjwa. Katika kata ya Mkwaja, kusini mwa mji wa Pangani, mizani ilipata kuwa na kazi nyingine pia, nayo ni kupimia ng'ombe. Huko ndiko ilikokuwa Ranchi ya Mkwaja, mali ya kampuni ya katani ya Amboni, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kufuga ng'ombe wa aina ya Boran katika nchi yenye mbung'o wengi. Ranchi hiyo ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikawa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005.

Siku hizi mizani imepewa kazi ya tatu: kumpima mwananchi mwenyewe. Takwimu za kitaifa za afya ya jamii zilionyesha kuwa mwaka 2010 wanawake 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Katika uchunguzi wa 2015-16 idadi hiyo ilifikia 28. Uzito uliozidi hufuatana na shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo. Kwa hiyo si ajabu tena mama wa makamo kutoka kijiji cha pwani kupimwa katika zahanati na kuambiwa, "Mama, punguza uzito."

Aghalabu mama huyo hutii. Hupunguza sukari katika chai, huacha maandazi ya asubuhi, na mizani humlipa kwa haraka: kilo mbili, kilo nne, kilo sita. Kisha, baada ya miezi kadhaa, mizani hugoma. Wiki hupita, mwezi hupita, na mshale hausogei. Mama hudhani amerogwa, au mizani imeharibika, au mwili wake si kama wa wenzake. Jirani husema amerudia kula kwa siri. Wengi hapo hukata tamaa na kurudia mazoea ya zamani, na baada ya mwaka uzito wote huwa umerejea.

Hali hii ya uzito kusimama baada ya kushuka yafaa kuitwa tambarare ya uzito, kwa kuwa mchoro wake hufanana na mtu anayeteremka mlima na kufika mahali palipo sawa. Si uchawi, wala si dalili ya uvivu. Ni jambo linaloweza kuelezwa, na mtu akilielewa anaweza kuamua la kufanya bila kujilaumu.

Hesabu ya zamani na kasoro yake

Chakula hupimwa kwa nishati iliyomo, na kipimo kinachotumiwa na wengi ni kalori. Gramu moja ya sukari ina kalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Mtu anayekunywa vikombe sita vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vidogo vya sukari, hupata takriban kalori 288 kutokana na sukari hiyo pekee. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 126.

Kwa miaka mingi washauri wa afya walitumia kanuni moja nyepesi, iliyoandikwa na tabibu Max Wishnofsky wa Marekani mwaka 1958: kilo moja ya unene wa mwili ni sawa na kalori 7,700 hivi. Chukua mfano wa mama mwenye kilo 90 aliyeacha sukari yote ya chai na kupunguza kijiko kimoja na nusu cha mafuta kila siku. Amejinyima karibu kalori 480 kwa siku. Kwa kanuni ya Wishnofsky, angepungua kilo zipatazo 23 kwa mwaka. Lakini hesabu hiyo ikiendelezwa, kabla ya kwisha mwaka wa nne mama huyo angekuwa ametoweka kabisa juu ya uso wa dunia! Ni dhahiri kwamba kuna kitu kimesahauliwa.

Kilichosahauliwa ni kwamba mwili si gunia linalopunguzwa kwa kuchotwa. Mwili hai hutumia nishati hata ukiwa umelala: moyo hupiga, mapafu hupumua, ini na ubongo hufanya kazi, joto hutunzwa. Mwili mkubwa huhitaji nishati nyingi, na mwili mdogo huhitaji kidogo. Kila kilo inayoondoka hupunguza gharama ya kuuendesha mwili uliobaki, kama vile jahazi lililopakuliwa shehena lisivyohitaji upepo mkali wa awali. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake walitoa kanuni mpya: kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa siku na kudumishwa humshusha mtu mzima kilo moja hatimaye. Karibu nusu ya upungufu huo huonekana katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya uliosalia katika miaka miwili inayofuata.

Kwa kanuni hii, mama wa kalori 480 angepungua kilo 20 kwa jumla: 10 hivi katika mwaka wa kwanza, na karibu 19 ifikapo mwisho wa mwaka wa tatu. Baada ya hapo uzito ungesimama kwenye kilo 70, hata kama angeendelea kujinyima vile vile. Tambarare, basi, ni mwisho wa kila safari ya kupunguza uzito.

Kuna jambo jingine linalomhadaa mtu mwanzoni. Mwili huweka akiba ndogo ya wanga iitwayo glikojeni katika ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Mtu anapoanza kujinyima, akiba hiyo hutumika kwanza na maji yake hutoka. Kwa hiyo kilo za wiki za mwanzo si mafuta matupu, na anayetarajia kasi hiyo idumu hana budi kuvunjika moyo.

Funzo la maksai wa Muguga

Je, mwili hupunguza matumizi kwa sababu umekuwa mdogo tu, au pia hujifunza kubana matumizi? Swali hili lilipata jibu zuri hapa Afrika Mashariki, tena kutoka kwa ng'ombe wa aina ile ile ya Boran waliofugwa Mkwaja.

Katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, watafiti Ledger na Sayers walichukua maksai na kuwalisha kwa kipimo ili uzito wao usipande wala usishuke. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1977. Yamkini mtu angetarajia kuwa mnyama asiyebadilika uzito atahitaji chakula kile kile kila wiki. La hasha! Kadiri wiki zilivyopita, maksai walihitaji chakula kidogo zaidi na zaidi ili kubaki na uzito ule ule. Miili yao ilijifunza kuishi kwa kidogo.

Wafugaji hawakushangazwa sana na habari hizo. Wanajua kwamba ng'ombe aliyekonda wakati wa kiangazi hunawiri upesi mno mvua zinaponyesha na majani kuchipua. Sababu mojawapo ni kwamba mwili wake umezoea kubana, na neema inapokuja ziada ni kubwa.

Umuhimu wa jaribio la Muguga uko katika jambo moja. Maksai hana siri. Hali maandazi jikoni, hadanganyi mganga, wala hana uvivu wa kulaumiwa. Chakula chake kilipimwa na mtu mwingine, na bado mahitaji yake yalishuka. Hivyo basi kubana matumizi ni tabia ya mwili wenyewe, iliyowasaidia viumbe kuvuka nyakati za njaa tangu zama za kale.

Binadamu naye ni vivyo hivyo. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 waliojitolea, kwa muda wa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walihisi baridi, walichoka, fikra zao zote zikawa juu ya chakula, na nishati iliyotumiwa na miili yao wakiwa wamepumzika ilishuka mno. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake walithibitisha kuwa mtu aliyepungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake hutumia nishati chini ya ile inayotarajiwa kwa mtu mwepesi kama yeye. Sehemu ya ujumbe huo hupelekwa na leptini, kichocheo kilichogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman. Leptini hutengenezwa na mafuta ya mwili. Mafuta yakipungua nayo hupungua, na ubongo hupata habari kwamba ghala linakauka.

Njaa isiyopiga hodi

Hata hivyo, funzo la maksai ni nusu tu ya habari. Kwa mujibu wa kanuni ya Hall, uzito ungepaswa kushuka polepole kwa miaka mitatu. Lakini watu wengi husimama baada ya miezi sita hivi. Ni nini kinachowasimamisha mapema namna hiyo?

Mwaka 2016 Hall na wenzake walichunguza watu waliotumia dawa inayotoa sukari kwa njia ya mkojo. Watu hao walipoteza kalori kila siku bila kuzihisi, na hivyo iliwezekana kukadiria jinsi hamu yao ya kula ilivyobadilika. Ilionekana kwamba kwa kila kilo moja iliyopungua, matumizi ya nishati yalishuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, ilhali hamu ya kula iliongezeka kwa takriban kalori 100 kwa siku. Yaani msukumo wa kula ni mkubwa mara tatu au zaidi kuliko ule wa kubana matumizi.

Aliyepungua kilo 6, kwa hesabu hiyo, anasukumwa na mwili wake kula kalori 600 zaidi kila siku. Njaa hii haipigi hodi kwa kishindo. Huingia kwa kijiko cha wali kilichoongezwa, kwa tui lililokuwa zito kidogo, kwa kipande cha muhogo wa kukaanga kilicholiwa wakati wa kuwagawia watoto. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu huapa kuwa anakula kama mwezi wa kwanza, naye hasemi uongo. Hajui tu kwamba mkono wake umeongeza. Mwaka 1992 Steven Lichtman na wenzake huko New York waliwachunguza watu walioamini kwamba miili yao haipungui hata wakijinyima. Miili yao ilikuwa ya kawaida, lakini kiasi walichokula kilikuwa karibu mara mbili ya kile walichokadiria.

Hapo ndipo binadamu anapotofautiana na maksai wa Muguga. Maksai hupimiwa, binadamu hujipimia. Na mwenye njaa si mpimaji mwaminifu, hata akiwa mwadilifu.

Mila nazo huongeza uzito upande mmoja wa mizani. Pwani, kumkaribisha mgeni chakula ni ada, na kukikataa ni kumvunjia heshima mwenyeji. Aliyenawiri husifiwa kuwa ametunzwa, aliyepungua huulizwa na mashoga zake, "Mbona umekonda, bibiye? Kuna nini?" Katika mwezi wa Ramadhani, funga ya mchana yaweza kufuatwa na futari ya viazi vya nazi, kaimati na uji mtamu inayorudisha kila kilichopungua. Mtu hapambani na tumbo lake tu, bali na mapenzi ya jamii nzima.

Kazi ya miguu na siri ya Wahadzabe

Wengi uzito unaposimama huamua kuongeza mwendo. Nia hiyo ni njema, lakini matarajio hupita kiasi. Ushahidi ulio bora umepatikana Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi.

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha utafiti juu ya Wahadzabe 30 wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Washiriki walikunywa maji yenye atomi nzito za hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji tu, ilhali oksijeni hutoka kwa maji na kwa hewa ya kaboni inayopumuliwa. Tofauti baina ya kasi hizo mbili huonyesha nishati iliyotumiwa, na vipimo vilichukuliwa kwa siku 11.

Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, na wanawake kilomita 5.8. Hata hivyo walitumia kalori 2,649 na 1,877 tu kwa siku. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, matumizi yao hayakutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Maelezo aliyoyatoa Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Kazi ya miguu ikiongezeka, mwili hupunguza matumizi mahali pengine pasipoonekana.

Hii si hoja ya kukaa kitako. Mwendo huimarisha moyo, hushusha sukari ya damu, hulinda misuli na husaidia sana kuutunza uzito uliokwisha kupungua. Bali mama wa Mkwaja anayelima, kuchota maji na kubeba kuni asidhani kuwa uzito wake umesimama kwa kukosa kazi. Kwake yeye dawa iko zaidi jikoni kuliko barabarani.

Namna ya kuvuka tambarare

Kwanza, ni vema kuhakikisha kwamba uzito umesimama kweli. Maji, chumvi, choo na siku za hedhi huweza kuyumbisha mizani kwa kilo moja au mbili. Mtu ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, kwa mizani ile ile. Apime pia kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Kiuno kikipungua ilhali mizani imetulia, mafuta yanaondoka. Wiki nne bila mabadiliko katika vyote viwili ndizo tambarare.

Pili, chakula kipimwe upya kwa wiki mbili, kwa kijiko na kikombe, si kwa jicho. Mafuta ya kupikia, tui na sukari ndiyo mahali ambapo jicho hukosea zaidi. Tui jepesi mahali pa zito, na samaki wa kuchoma mahali pa wa kukaanga, huokoa kalori nyingi bila kupunguza sahani.

Tatu, hesabu ibadilike pamoja na mwili. Mwili wa kilo 82 haulishwi kama wa kilo 90. Kupunguza kidogo, kalori 100 au 200 kwa siku, hutosha. Kujinyima kupita kiasi huzidisha njaa ile ile iliyoleta tatizo.

Nne, protini iongezwe. Dagaa, samaki, kunde, choroko na mayai hushibisha kuliko wanga na husaidia misuli isipotee. Mchicha, matembele na kisamvu kisichotiwa tui zito hujaza tumbo kwa kalori chache. Kazi za nguvu, zikiwamo kunyanyua na kuchuchumaa mara kadhaa kwa wiki, huilinda misuli, nayo misuli hutumia nishati hata wakati wa mapumziko.

Tano, kuna hadhari. Anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu asibadili chakula kwa kiasi kikubwa bila kumwona daktari, kwa sababu dozi yaweza kuhitaji kupunguzwa. Mjamzito asijikondeshe. Dawa za kukondesha zisizo na maelezo ziepukwe. Hata dawa mpya zilizothibitishwa hazikwepi kanuni: katika jaribio la semaglutidi lililochapishwa mwaka 2021 washiriki walipungua karibu asilimia 15 kwa wiki 68, na mwishoni mchoro wao pia ulilala. Naye anayepungua bila kujitahidi ana tatizo tofauti kabisa; huyo aende hospitali upesi, kwani kifua kikuu na kisukari huanza hivyo.

Mahali pa kusimama kwa heshima

Lipo jambo la sita, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi. Si kila tambarare inahitaji kuvukwa.

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la kuzuia kisukari nchini Marekani, lililohusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata ugonjwa huo. Waliofundishwa kula vizuri na kutembea walipungua wastani wa kilo 5.6 tu. Lakini uwezekano wao wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58, kuliko hata wale waliopewa vidonge vya metformini.

Mama aliyeanza na kilo 90 na kukwama kwenye kilo 82, akajiona ameshindwa, amepungua kuliko wastani wa watu hao. Faida kubwa ya afya amekwisha kuipata, na ataipoteza tu iwapo atakata tamaa na kurudia alikotoka. Kwa sababu mwili wake unabana matumizi na kudai chakula kila siku, kubaki kwenye kilo 82 mwaka mzima ni kazi yenye kustahili pongezi, ingawa mizani haiwezi kuionyesha. Mhudumu wa zahanati anayemwona mama huyo na kumwambia tu kwamba hakupungua mwezi huu, anasoma nusu ya habari. Amtazame pia shinikizo lake la damu, sukari yake na kiuno chake, kisha amsifu kwa alichokilinda.